Picha Zilizolala Ndani ya Kamera

Huenda katika kabati lako, chini ya vitenge au kando ya bahasha ya vyeti, imo kamera ndogo ya dijitali ambayo haijaguswa kwa miaka. Ilinunuliwa mwaka 2007 au 2010, au ililetwa na shemeji aliyetoka ng'ambo, ikapiga picha za ubatizo, za mahafali, za bibi alipokuwa bado anatembea mwenyewe mpaka kisimani. Kisha simu zikaja na kamera zake, betri ya kamera ikaisha chaji, na mambo yakaishia hapo. Picha zimo. Kila mtu nyumbani anajua kwamba zimo. Lakini ni nani aliyeziona karibuni?

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya kuzitoa picha hizo ndani ya kamera na kuziweka katika kompyuta, kwa usalama, na kwa mikono yetu wenyewe. Twasema kwa mikono yetu wenyewe kwa sababu katika nyumba nyingi kazi hii huachiwa kijana wa kiume, na kama hayupo, huachiwa kijana wa duka la kuchapa. Nasi tumeingia nyumba za kutosha, kwa kazi yetu ya uuguzi na kwa kuwatembelea wagonjwa na waliofiwa, na tumeona kwamba siku picha zinapotafutwa, anayezitafuta ni mama.

Hebu tukumbuke kwanza jinsi mambo yalivyokuwa wakati wa filamu. Ulipiga picha zako 24 au 36, ukapeleka filamu studio, ukasubiri. Siku ya kuchukua ulipewa bahasha yenye picha, na ndani yake, kwenye karatasi laini, vipande vya negativu. Wengi wetu hatukuzijali negativu hizo. Watoto walizichezea wakitazamia jua. Hata hivyo zilikuwa na kazi kubwa: picha ikichanika, au shangazi akiondoka nayo bila kuaga, ungeweza kurudi studio na kutoa nyingine. Yaani kila familia ilikuwa na nakala mbili za kila picha bila hata kukusudia.

Kamera ya dijitali iliondoa jambo hilo kimyakimya. Picha ikishapigwa huwa ni moja tu, nayo imo ndani ya kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kama stempu ya barua. Kadi ikipotea, ikivunjika, ikifutwa na mtoto anayebonyeza vitufe, hakuna bahasha ya kurudia. Kuihamishia picha kwenye kompyuta, kwa hiyo, si kutafuta nafasi ya kupiga nyingine tu, kama wengi wanavyodhani. Ni kuitengenezea negativu.

Na jambo la kuhamisha si geni kwa kamera hizi. Ile ya kwanza kabisa ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, huko Rochester nchini Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, uzito wa mtoto mchanga mwenye afya nzuri. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti, kanda ile ile tuliyosikilizia kwaya, kisha kaseti ilitolewa na kuwekwa katika mashine nyingine iliyoionyesha picha kwenye televisheni. Tangu siku ya kwanza, basi, picha ya dijitali ilipaswa kutoka kwenye kamera ndipo ionekane vema.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ziko njia mbili za kawaida.

Ya kwanza ni waya. Kamera ina kitundu upande, aghalabu chini ya kifuniko kidogo cha mpira, na waya wake una kichwa kimoja cha kuingia hapo na kingine cha USB cha kuingia kwenye kompyuta. Kamera nyingi za miaka ile zilitumia kitundu cha aina ya mini-USB, ambacho ni kinene kuliko cha simu zilizofuata, na nyingine zilikuwa na kitundu cha kipekee cha kampuni yao. Waya wa simu usipoingia, usiulazimishe. Kabla ya kuunganisha, chaji betri mpaka ijae, maana kamera hubaki imewashwa muda wote wa kazi, na ikizimika katikati inaweza kuharibu faili zilizokuwa njiani. Zima kamera, chomeka waya pande zote mbili, kisha iwashe. Baadhi ya kamera huuliza kwenye kioo kama unataka kuchapa au kuunganisha na kompyuta, chagua kompyuta. Nyingine hukaa kimya mpaka uweke kitufe kwenye alama ya kutazama picha. Ikiwa kompyuta haionyeshi dalili yoyote, jaribu tundu jingine la USB kabla ya kuilaumu kamera.

Njia ya pili ni kuitoa kadi yenyewe na kuiweka katika kisoma kadi. Kompyuta mpakato nyingi zilikuja na mwanya wake wa kadi ubavuni. Kama yako haina, kisoma kadi cha kuchomeka huuzwa katika maduka ya vifaa vya simu na kompyuta, na mara nyingi bei yake haifiki ya kitenge kizuri. Sisi twaipenda njia hii zaidi, kwa sababu betri ya kamera haihusiki tena. Zima kamera, fungua kifuniko cha chini, isukume kadi kidogo kwa ndani nayo itachomoka yenyewe. Ishike kingoni, usiguse vile vipande vya rangi ya dhahabu. Pembeni mwa kadi ya SD utaona kiswichi kidogo kinachoteleza. Kiteremshe kwenye alama ya kufuli kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta. Kikiwa hapo, kadi inasomeka lakini kwa kawaida kompyuta haitafuta wala kuandika kitu juu yake. Ni jambo dogo ambalo akina mama wengi hawakuonyeshwa, nasi twalisifu sana, hasa katika nyumba yenye vidole vingi vidogo. Ukirudisha kadi katika kamera ukaambiwa imefungwa, jua ni kiswichi hicho hicho, kirudishe juu.

Hapa tutoe onyo moja. Kadi za SD za mwanzo ziliishia GB 2. Mwaka 2006 zikaja za SDHC, za hadi GB 32, na baadaye kubwa zaidi za SDXC. Kisoma kadi cha zamani huenda kisiweze kusoma kadi mpya kuliko chenyewe, na badala ya kusema hivyo kiungwana, kompyuta inaweza kukuambia kwamba kadi inahitaji kufomatiwa, tena ikakuuliza kama uendelee. Mama, usikubali. Kufomati ni kufuta. Kataa, toa kadi, ukajaribu kwenye kompyuta nyingine au kwa waya.

Mambo yakienda sawa, kompyuta itaonyesha kamera au kadi kama kifaa kipya. Huenda pia ikajitolea kukuingizia picha zote yenyewe kwa programu yake. Si vibaya, lakini mara nyingi programu hizo huzitupa picha mahali ambapo mwezi ujao hutapakumbuka, na programu zenyewe huja na kuondoka. Wengi walijifunza kutumia Picasa, halafu mwaka 2016 Google wakaacha kuitunza. Ukijua njia ya mkono, hutategemea programu ya mtu.

Fungua kifaa hicho, nawe utaona folda yenye herufi DCIM. Usiogope herufi hizo. Watengenezaji wa kamera walikubaliana juu ya utaratibu mmoja mwaka 1998, na ndiyo maana karibu kila kamera, hata na simu, huweka picha ndani ya folda yenye jina hilo. Ndani yake utakuta folda nyingine, kwa mfano 100CANON, na ndani ya hiyo ndimo zilimo picha zenyewe, zenye majina makavu kama IMG_0417 au DSC_0032.

Kabla ya kuzigusa, zitengenezee chumba. Katika sehemu ya picha ya kompyuta yako unda folda mpya, uipe jina ambalo hata mtu asiyekuwapo ataelewa. Sisi tunashauri uanze na mwaka, kisha mwezi, kisha tarehe, kisha tukio: 2009-12-25 Krismasi kwa Babu. Ukianza na mwaka, kompyuta itazipanga folda zako kwa mfuatano wa miaka bila kuombwa. Na uunde folda mpya kila unapohamisha, usichanganye. Sababu yake ni hii: kamera huhesabu picha mpaka 9999 kisha huanza tena, na nyingine huanza tena moja kila kadi inapofutwa. Hivyo IMG_0001 ya Krismasi na IMG_0001 ya Pasaka zaweza kukutana katika folda moja, na kompyuta itakuuliza kama ibadilishe ile ya kwanza kwa ya pili. Mtu mwenye haraka hubonyeza ndiyo, na Krismasi inaondoka.

Folda ikiwa tayari, rudi kwenye picha, zichague zote kwa kubonyeza Ctrl pamoja na herufi A, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague neno Copy. Nenda kwenye folda yako mpya, bofya kulia tena, chagua Paste. Basi. Kumbuka tu kwamba jirani wa neno Copy ni neno Cut, nalo maana yake ni kukata: picha zinatoka kule na kuja huku. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, hujapoteza chochote. Asili ingali kwenye kadi, utaanza upya. Umeme ukikatika katikati ya kukata, hapo huna hakika ya kitu. Nasi twajua umeme wetu. Nakili kila mara, usikate.

Baada ya hapo watu wengi hufuta kadi palepale. La! Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kusoma lebo ya dawa mara tatu: anapoitoa kabatini, anapoipima, na kabla ya kumpa mgonjwa. Wanafunzi hulalamika kwamba wanapotezewa muda. Baada ya miaka michache wodini hawalalamiki tena. Picha nazo zinastahili kusomwa mara tatu.

Mara ya kwanza ni hesabu. Zichague zote kule kwenye kadi, bofya kulia, chagua Properties, usome idadi na ukubwa wake. Fanya vivyo hivyo kwenye folda yako mpya. Kama kule ni 412 na huku ni 398, kazi haijaisha. Angalia pia kama ndani ya DCIM kuna folda zaidi ya moja. Kamera nyingi hufungua folda ya pili ile ya kwanza ikijaa, na mtu akanakili moja tu akidhani amemaliza. Mara ya pili ni macho. Fungua picha ya kwanza, ya katikati, ya mwisho, na chache nyingine, zijae kioo chote. Faili inaweza kuwa na jina lake kamili na bado nusu ya picha ikawa kijivu. Kama kuna video, isikilize mpaka mwisho.

Mara ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ondoa kamera au kadi, kwa kuiambia kwanza kompyuta kwamba unaiondoa, wala si kwa kuchomoa ghafla. Zima kompyuta, iwashe tena, na uzitafute picha bila kamera kuwapo. Twasema hivyo kwa sababu tumewaona watu wakitazama picha kwenye kioo kikubwa, wakifurahi kwamba zimeshaingia kwenye kompyuta, kumbe muda wote walikuwa wakizitazama zikiwa bado ndani ya kadi. Walipoondoa waya, picha zikaondoka nao.

Tuna mama mmoja tunayemfahamu, ambaye mama yake mzazi alifariki mwezi wa Februari. Picha zote za Krismasi ya mwisho ya marehemu zilikuwa kwenye kadi moja ya kamera. Msiba ulipokwisha, alitaka picha moja ya kuweka sebuleni, akapeleka kadi kwenye duka la kuchapa, pamoja na flashi ya kuwekea nakala. Kijana wa dukani alikuwa na foleni. Alikata badala ya kunakili, flashi ikajaa njiani, na yeye, pengine kwa nia njema ya kumrudishia mteja kadi safi, akaifomati kadi. Picha ya sebuleni ilichapwa, ni nzuri. Siku tatu baadaye mama yule alifungua flashi nyumbani na kukuta picha hazifiki hata nusu. Aliporudi dukani, kompyuta ya duka ilikuwa imekwisha kusafishwa, kama inavyosafishwa kila jioni.

Tulipokwenda kumjulia hali hakuwa akilia. Alikuwa ameishika kadi mkononi, akatuuliza kama kuna dawa.

Ipo, ila si ya kila mgonjwa. Kompyuta au kamera inapofuta picha, kwa kawaida haisugui kadi yote. Hufuta tu orodha inayosema picha iko wapi, kama vile kung'oa kurasa za yaliyomo kitabuni na kuziacha sura zake. Picha hubaki palepale mpaka nyingine iandikwe juu yake. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kuacha kabisa kuitumia kadi hiyo. Usipige hata picha moja ya kujaribu. Itoe kwenye kamera, ifunge kiswichi, umtafute mtu anayejua. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec inayopitia kadi nzima ikizitafuta picha zilizoachwa, na kile inachokipata lazima kiandikwe kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ile ile. Haiwezi kurudisha majina ya faili. Kila picha huja na namba mpya.

Mama yule alikuwa na bahati ya kutopiga kitu baada ya kadi kufutwa. Kijana mmoja aliyesomea kompyuta alikaa naye jioni nzima. Nyingi zilirudi. Ilirudi ile ya bibi akimenya viazi, akiwa amemkazia macho mpiga picha kana kwamba anamwambia aache upuuzi. Ile ya familia yote mbele ya nyumba, ambayo alimpa mtoto wa jirani awapigie ili naye awemo, haikurudi. Nusu ya chini ilitoka na miguu ya watu, nusu ya juu ikawa mistari. Amezihifadhi zote, hata hiyo ya miguu.

Basi ikiwa ni lazima kwenda dukani, usipeleke kadi. Nakili nyumbani, au kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, kisha upeleke kwenye flashi zile picha tano au kumi tu unazotaka zichapwe. Hilo litakuepusha na hatari nyingine. Kompyuta za mahali pa watu wengi huambukiza flashi virusi, kama vidonda visivyofunikwa wodini, na flashi ikirudi nyumbani inahitaji kupimwa na programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa. Tena hujui nani atazitazama picha zako baada ya wewe kuondoka. Katika kadi ya familia mna mengi: mtoto akioga kwenye beseni, dada akinyonyesha, vyeti vilivyopigwa picha ili visipotee. Mama asione haya kuomba akae kando ya kijana wa duka mpaka mwisho, na kumwomba afute nakala pamoja na ndoo ya takataka ya kompyuta.

Na kwa kuwa tumegusa jambo hilo, tuseme neno kama wauguzi. Ndugu wanapokuja wodini kumpiga picha mzazi na mtoto wake mchanga, nyuma yao mara nyingi hutokea mama wa kitanda cha pili, amechoka, hajajifunika vizuri, hakuulizwa. Unapozipitia picha kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ndipo unapomwona. Ikate sehemu hiyo au ifute picha hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, wewe mwenyewe usingependa kuwa katika albamu ya mtu usiyemjua ukiwa katika hali ile.

Sasa picha ziko kwenye kompyuta na umezikagua. Je, tayari zina negativu? Ndiyo, kwa muda kadi ingali na zake. Siku utakayofuta kadi utarudi kwenye nakala moja, na kompyuta nayo huibiwa, humwagikiwa chai, hufa. Kwa hiyo kabla ya kufuta kadi, weka nakala ya pili. Kilicho bora kwa nyumba nyingi ni diski ya nje, inayonunuliwa mara moja, ikanakiliwa picha, kisha ikawekwa kwa dada au kwa mama mkwe badala ya kulala kando ya kompyuta. Mwizi anayebeba kompyuta hubeba na kilicho kando yake. Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Hupotea kama sindano. Sidii nazo tuliziamini zamani, lakini kompyuta mpakato mpya nyingi hazina tena mahali pa kuziingiza. Kama una picha kwenye sidii, zihamishe nazo wakati bado kompyuta ya zamani ipo.

Wengine watasema watazipeleka kwenye intaneti. Ni vema, nasi hatuwakatazi. Piga hesabu kwanza ya bando. Picha moja ya kamera nzuri yaweza kuwa na MB 5, hivyo picha 1,000 ni karibu GB 5. Google hutoa GB 15 bila malipo, lakini tangu Juni 2021 picha zote unazoweka huhesabiwa humo, pamoja na barua pepe. Kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp si kuhifadhi. Ikitumwa kwa njia ya kawaida picha hupunguzwa ukubwa ili ipite upesi. Kwenye simu inapendeza, ukiikuza kwa ajili ya fremu sura zinakuwa ukungu.

Nakala mbili zikiwapo, ndipo ufute kadi. Ifutie ndani ya kamera yenyewe, kwa sehemu yake ya kufomati, badala ya kuifutia kwenye kompyuta. Kamera huipanga kadi jinsi inavyoipenda. Wakati huohuo rekebisha saa na tarehe ya kamera. Kamera iliyokaa bila betri husahau siku, na picha zake zote huandikwa kana kwamba zilipigwa miaka iliyopita. Mama anayetaka kujua mtoto alianza kutembea akiwa na miezi mingapi atadanganywa na kamera yake, akabaki kuitegemea kadi ya kliniki.

Akina mama wenye kamera kongwe wana tatizo lao. Olympus na Fujifilm zilikuwa na kadi ya xD, Sony nao walikuwa na Memory Stick, na visoma kadi vya sasa mara nyingi havina mahali pa kadi hizo. Kwao waya ule wa asili ni kitu cha thamani. Uutafute kwenye maboksi, uufunge pamoja na kamera kwa raba, na kazi ya kuhamisha usiiahirishe, maana chaja na betri za kamera hizo hupatikana kwa shida kila mwaka unaopita.

Limebaki jambo moja ambalo kompyuta haiwezi kulifanya. Picha zinaweza kukaa salama miaka mingi huku watu waliomo wakigeuka wageni. Mketishe bibi au babu mbele ya kioo kikubwa, ufungue picha moja moja, na kwa kila sura uulize: huyu nani, mtoto wa nani, hapa ni wapi? Andika majibu katika jina la faili, au kwenye daftari lenye namba za picha. Zilizochapwa ziandike nyuma kwa kalamu isiyochafua, ukaache wino ukauke kabla ya kuzipanga. Kama bibi haoni vizuri, zikuze mpaka sura ijae kioo. Kwa mzee mwenye mtoto wa jicho kioo cha kompyuta kinaweza kusaidia kuliko picha ya karatasi. Ifanyeni kazi hiyo asubuhi, akiwa amekwisha kunywa chai na hajachoka, na picha zisizidi ishirini kwa kikao kimoja.